Mwenye Kisu

Siku hizi kila ninapoingia ofisi hapa Dodoma, lazima nisimame getini nitoe vitu mfukoni. Walinzi wameshanizoea. Wananisogezea trei la plastiki mapema, wanakunja mikono na kusubiri. Natoa kisu cha kukunja. Natoa tochi ndogo ya betri moja, kalamu mbili, futi ya kupimia, na kinoo kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa. Mwisho navua saa. Juzi mlinzi mmoja, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, aliniamkia vizuri kabisa, halafu akaniuliza kama nahama nyumba. Nikacheka kwa sababu ilibidi nicheke. Nimechoka kucheka kwenye mageti.

Zamani nilikuwa naeleza. Nilikuwa nasema kwamba mimi ni fundi wa pampu za visima, na visima vyenyewe viko Kolo, viko Bahi, viko huko chini Mpwapwa. Ukisahau kisu Dodoma, kisu kiko Dodoma, na wewe uko porini na mpira wa bomba unaotaka kukatwa na kina mama thelathini wenye ndoo wanakutazama. Watu walikuwa wanaelewa. Sasa nimestaafu, sina pampu wala kisima, na bado mifuko imejaa. Hapo maelezo yanaisha. Ukweli ni kwamba kazi ilikuwa kisingizio tu. Navipenda hivi vitu. Napenda kisu kinachofunguka kwa kidole gumba bila kelele. Napenda kalamu isiyosita. Kuna wanaume wanapenda mpira, kuna wanaopenda siasa, mimi nilipewa hili.

Nilikuwa na mwenzangu mmoja tu aliyenielewa. Alikuwa fundi kama mimi, Mgogo wa upande wa Gulwe, na tulifanya kazi pamoja zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwenye pikipiki moja, baadaye kwenye gari la ofisi. Yeye alikuwa mtu wa tochi. Njiani tukikuta mnada, na nyanda zetu hizi hazikosi mnada, wenzetu walikwenda moja kwa moja kwenye nyama ya kuchoma. Sisi tulikwenda kwa wale wanaotandika turubai chini na kumwaga vyuma chakavu: visu, tupa, saa zilizokufa, tochi zisizo na kifuniko. Alikuwa akisimama juani, saa sita mchana, anamulika tochi ndani ya mkono wa koti lake aone mwanga unavyokaa. Wapita njia walidhani anaumwa. Mimi nilikuwa pembeni nimechuchumaa, najaribu makali ya visu kwenye vinyweleo vya mkono wangu, kwa hiyo walitudhania wote wawili.

Alikuwa akisema kisu ni kitu cha watu wanaopenda ugomvi. Nami nilikuwa nikimjibu kwamba tochi ni ya mwanamume asiyelala kwake. Kuhusu saa hatukuelewana kamwe: yeye alitaka saa ya kutia ufunguo kila asubuhi, ili mtu ajue ameamka, mimi nilitaka ya betri, nisisumbuliwe. Kwenye kalamu ndipo tulipokubaliana. Kalamu isiyoandika kwenye karatasi iliyojaa vumbi la barabarani hatukuihesabu kuwa kalamu. Haya ndiyo tuliyozungumza miaka yote hiyo, na kama kuna mazungumzo mengine ya maana zaidi tuliyafanya, siyakumbuki.

Mtu mwenye vitu mfukoni ni mali ya umma. Hili hakuna anayekuambia unapoanza. Kwenye foleni ya benki kalamu ni yako wewe. Chungwa likitaka kumenywa, wanakugeukia. Nimemulika meno ya watoto wa majirani, masikio ya mbuzi, na chini ya kitanda cha mama mkwe wangu alikopotelea paka. Simu zimepunguza hilo kidogo, maana sasa kila mtu ana tochi na saa kiganjani, lakini simu haijaanza kukata. Kisu bado wanakiomba. Na kisu changu kilikuwa na kazi nyingine iliyozidi zote, ambayo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika haya.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Baba yangu alikuwa mkulima, lakini mtaani kwetu yeye ndiye aliyeitwa kuchinja, iwe harusi, akika au Idi. Alinifundisha kwa kuku kwanza. Unanoa mbali, mnyama asione. Unamwelekeza kibla. Unataja jina la Mungu, unakata, na kisu hakinyanyuliwi mpaka kazi iishe. Kikinyanyuliwa katikati, ile nyama ni kibudu, Mwislamu haili. Wapo masheikh wanaosema ukikirudisha papo hapo hakuna neno. Baba hakuwa mmoja wao, na mimi nilifundishwa na baba.

Sasa ukienda vijiji vya Wagogo, ambako wengi ni Wakristo, kuna adabu moja ambayo sijaiona ikiandikwa popote. Mgeni Mwislamu akifika, kuku wake haji jikoni akiwa amekufa. Analetwa mzima, miguu imefungwa, anawekwa mbele yako, na wenyeji wanarudi nyuma. Wewe ndiye utakayechinja, ili wote mle chungu kimoja. Kwenye shughuli kubwa ni hivyo hivyo kwa mbuzi na ng'ombe. Kwa ng'ombe nilikuwa na kisu kirefu chenye ala ya ngozi, kilichokaa kwenye begi la spana. Mwenzangu alikuwa akishuka kwenye gari kabla yangu na kutangaza kwamba mwenye kisu amefika. Vijiji vingine hawakunijua kwa jina lolote zaidi ya hilo. Nimechinja kwenye harusi za watu nisiowajua, na mara moja kwenye sherehe ya kuezeka kanisa. Nilijivuna, siwezi kuficha. Fundi wa pampu husahaulika maji yakitoka tu, lakini mwenye kisu hukumbukwa.

Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka miaka minne kabla sijastaafu. Ulianza kwenye nati. Nilikuwa nafunga nati ndogo kwenye mdomo wa kisima, ikanikataa mara tatu, nikailaumu nati. Baadaye ikawa kikombe, kisha ufunguo wa mlango, kisha sahihi yangu, ambayo karani mmoja aliirudisha akasema si yangu. Nilikwenda hospitali. Daktari akaniambia nichore mduara, nikachora kitu ambacho kingeweza kuwa ramani ya Kondoa. Akanipa vidonge na tarehe ya kurudi. Vidonge vilinilaza mchana kutwa, nikaviacha, na tarehe nikaiacha ipite. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Nilijifunza hila. Mkono ukiwa mfukoni umeshika kisu kilichofungwa, hutulia, kwa hiyo nikawa mtu wa mkono mfukoni. Chai niliomba nusu kikombe. Kuku niliwachinja nikiwa nimeegemeza kiwiko kwenye goti. Mbuzi nikaanza kuwakwepa: leo mgongo, kesho mafua. Kilichoniogopesha hakikuwa ugonjwa. Niliogopa siku ambayo kuku angeletwa mzima, akapitishwa mbele yangu na kuwekwa mbele ya mtu mwingine. Niliogopa kwamba watu wangetazamana kwanza. Nililala na hofu hiyo na kuamka nayo, na kwa sababu hofu inachosha kuliko kazi, mwaka ule wa mwisho nilikuwa mzee ghafla.

Mwenzangu alistaafu kabla yangu akarudi kwao Gulwe, jirani na reli, na haukupita muda akaanza kuugua. Nilikuwa namtembelea. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa nje kwenye mkeka, amekonda, shingo imebaki mishipa. Tulimwaga vitu vyetu kwenye mkeka kama kawaida. Alishika tochi yangu mpya akaitazama, akasema ina mwanga wa hospitali. Kisha, mke wake akiwa amekaa pale pale anapepeta uwele, akaniambia bila kubadili sauti, "Ng'ombe wa msiba wangu utachinja wewe. Nataka watu wote wale."

Nilimwambia aache maneno hayo. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na mtu ambaye hangenicheka, na mkono wenyewe ulikuwa mfukoni unanisikiliza. Nikasema atapona, nikageuza mazungumzo nikaulizia mvua. Nimejilaumu kwa mengi maishani, lakini kwa hilo la kuulizia mvua najilaumu bado.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyenipigia simu. Ulikuwa wakati wa kiangazi, upepo wetu ule mkavu ukivuma. Nilitoa kisu kirefu nikakinoa mpaka kikawa hakina kinachohitaji kunolewa, kisha nikaendelea kunoa. Nilijaribu kukata kipande cha mpira wa maji kule uani, mara kumi. Mara saba kilikatika vizuri. Mke wangu alikuwa anaanika nguo na alinitazama kwa kitambo, halafu akaendelea na nguo zake. Mara saba kati ya kumi, nikajiambia, si mbaya. Ndivyo mtu anavyojidanganya kwa hesabu.

Tulifika Gulwe asubuhi na gari la wenzetu wa kazini. Watu walikuwa wengi. Wagogo wenyewe, ndugu na majirani, na upande mmoja Waislamu wa pale stesheni, wenye maduka na familia zao, waliofunga biashara kuja kumzika mtu aliyewatengenezea pampu zao bila kuwaringia. Nilimwamkia kaka yake, nikaingia ndani kumpa pole shemeji, mke wa marehemu, aliyekuwa amekaa chini na kina mama. Alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili akaubana muda mrefu. Nilidhani ni huzuni tu.

Dume lilikuwa la rangi ya maziwa yenye vumbi. Vijana wanne wakaliangusha na kulifunga, nikawaonyesha kibla, wakaligeuza. Watu wakarudi nyuma kama wanavyorudi siku zote. Nilichomoa kisu nikakificha nyuma ya paja, na tayari kilikuwa kinacheza. Nikapiga goti. Nikasema jina la Mungu kwa sauti, wakasikia, nikaanza.

Ilikuwa katikati. Mkono uliruka. Sina namna nyingine ya kulisema, uliruka kama umeguswa na umeme, na kisu kikatoka shingoni kikaangukia mchangani. Nilikitazama pale chini. Vidole vyangu havikutaka kufunga. Nikakiokota kwa mkono wa kushoto, nikakifuta kwenye suruali, nikarudi nikamaliza kwa mkono ambao haukuwahi kuchinja hata kuku. Haikuwa muda mrefu, lakini haikuwa papo hapo, na yule mnyama aliujua urefu wake. Lile bado linaniuma.

Hakuna aliyeona, au ndivyo nilivyoamini. Vumbi lilikuwa jingi, vijana walikuwa wameinamisha nyuso wakibana miguu, na watu wengine huona walichozoea kuona. Mzee mmoja akaniambia ahsante. Wakaanza kuchuna. Nikaenda kwenye ndoo kunawa, kisha nikakaa kwenye jiwe upande wa pili wa zizi.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka mara moja. Nilikaa mpaka wakamaliza kuchuna ubavu mmoja. Nikisema, nusu ya waliokuja watamzika mwenzangu na kuondoka na njaa, siku ambayo aliomba jambo moja tu, kwamba wote wale. Dume lilikuwa moja, na nilikuwa nimeliharibu. Nisiposema, nitawalisha kibudu Waislamu wenzangu kwa mkono wangu, nao watakula kwa kuniamini. Na ndani kabisa, chini ya hayo yote yanayosikika vizuri, kulikuwa na jambo jingine dogo la aibu: nikisema, mimi si mwenye kisu tena. Nilikuwa nimechoka mno. Nilitamani mtu mwingine aamue.

Nilimkuta kaka wa marehemu anaelekeza watu mahali pa kuweka mabenchi. Nikamwomba tusogee pembeni.

"Kaka," nikamwambia, "ile nyama Waislamu wasile. Kisu kimenitoka mkononi kabla sijamaliza. Mkono wangu ni mgonjwa, na nilijua kabla sijaja."

Hakushtuka. Alinitazama kwa namna ya mtu aliyepokea mzigo alioambiwa utafika. Akaniashiria nimfuate. Tukazunguka nyumba, tukapita majiko waliyokuwa wakipikia ugali, mpaka kwenye ua wa jirani yao, Mwislamu mwenye duka la vifaa vya baiskeli. Pale kulikuwa na masufuria mawili makubwa yanachemka, na kina mama wenye ushungi wameyazunguka. Akaniambia kwamba ni mbuzi watatu, wamechinjwa na yule jirani asubuhi na mapema, kabla gari letu halijafika. Nyama ya Waislamu ilikuwa tayari. Dume lilikuwa la wengine tangu mwanzo.

Nilimuuliza kwa nini basi walinipa nichinje. Nakumbuka nilimuuliza kwa hasira. Nilijiona mtoto aliyepewa usukani wa gari lililozimwa.

Akanieleza kwamba marehemu aliujua mkono wangu tangu tukiwa kazini bado, tangu siku za ile nati. Kwa miaka ile ya mwisho alikuwa akizifungua nati zangu nikigeuka na kuzikaza upya, na hakutaka nijue. Aliwaambia yeye na shemeji wakati anaumwa. Aliwaambia pia kwamba kisu nisinyang'anywe mbele za watu, nipewe dume nichinje, ila mbuzi waandaliwe upande, kama mkono utanishinda asikose mtu chakula.

"Na kama ningenyamaza?" nikamuuliza.

"Tulimuuliza hilo," akasema. "Tulitaka kuweka mtu wa kukuangalia. Akakataa. Akasema utakuja kusema mwenyewe."

Nililia pale pale, mbele ya kina mama na masufuria yao. Nililia kwa sababu amekufa, jambo ambalo tangu nipigiwe simu sikuwa nimepata nafasi ya kulifikiria, kwa kuwa nilikuwa nauguza mkono. Nilimkasirikia pia. Miaka ile yote anakaza nati zangu, na hakusema neno. Lakini na mimi sikusema, na yeye alinipa nafasi pale mkekani mbele ya mkewe, nikaulizia mvua. Kaka yake alisubiri nimalize. Halafu akasema watu wameanza kukaa, twende.

Tulimzika baada ya chakula, kama walivyopanga. Kwenye chakula niliketi na wale wenye maduka wa stesheni, watu sita kwenye sinia moja, ugali wa uwele na mbuzi. Nilinawa. Nikautoa mkono wa kulia mfukoni nikaunyoosha kwenye sinia mbele yao wote, ukatetemeka ulivyotaka, mchuzi ukanimwagikia mpaka kwenye kiwiko, na mimi nikala mpaka nikashiba.